Meli za kesho: sheria zinabadilisha injini, kura ya London imeacha mashaka

Meli ya mizigo inayoagizwa leo katika viwanda vya China ao Korea Kusini inaweza kukaa baharini miaka 25. Ni kusema injini inayochaguliwa sasa itakuwa bado inafanya kazi karibu na mwaka wa 2050, wakati ambao Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) linataka hewa chafu ya meli iwe imefikia sifuri. Wenye meli wanajiuliza: wajenge kwa kufuata sheria gani?

Nguvu ya sheria imekwisha kuonekana. Tangu Januari 2020, IMO ilishusha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3,5 hadi 0,5. Wengi walinunua mafuta safi zaidi. Wengine walifunga mitambo ya kuosha moshi. Umoja wa Ulaya nao, tangu 2024, unalipisha meli kubwa zinazofika kwenye bandari zake kwa kaboni zinayotoa.

Matokeo yake ni injini zinazotumia mafuta ya aina mbili. Mwaka wa 2023, kampuni ya Maersk ilipokea meli ya kwanza ya makontena inayoweza kutumia methanoli. Methanoli ikikosekana ao ikiwa ghali, meli inarudi kwenye mafuta ya kawaida.

Mashaka yaliongezeka mwezi wa kumi 2025. Inchi wanachama wa IMO zilikutana London kupitisha malipo ya kaboni kwa meli za dunia nzima. Marekani na Saudi Arabia zilipinga vikali. Kwa kura 57 dhidi ya 49, uamuzi uliahirishwa kwa mwaka mmoja.

Kwa Kongo, hiyo si habari ya mbali. Bidhaa nyingi za Goma na Bukavu zinapitia Mombasa na Dar es Salaam, na shaba ya Katanga inatoka kwa bahari. Gharama za meli mwishowe zinaingia katika bei ya sokoni. Mpango wa IMO ungeunda mfuko ambao sehemu yake ingesaidia inchi maskini. Bila mpango huo, Ulaya inaendelea kulipisha, na sehemu kubwa ya pesa inabaki kwake.

Kongo ni mwanachama wa IMO. Katika shirika hilo, sauti yake inahesabiwa sawa na ya inchi yenye meli elfu moja.