Sufuria Kabla ya Kanuni

Wapo walimu wenzetu wanaoshikilia kwamba somo la umeme unaozaliwa na badiliko la sumaku halina budi kuanza kwa kanuni, ndipo mfano ufuate. Sisi tunaofundisha hapa Mukendo, Musoma, hatukubaliani nao. Mwanafunzi aliyeanza na kanuni huikariri hadi siku ya mtihani, kisha huiacha mlangoni.

Na tuanze na sufuria nene ya alumini. Wanafunzi wahakikishe kwanza kwamba sumaku hainati juu yake. Kisha sumaku yenye nguvu, iliyotolewa katika spika mbovu ya redio, itundikwe kwa uzi na kubembea juu ya kitako cha sufuria iliyofudikizwa, karibu sana bila kugusa. Itatulia upesi. Ubao ukiwekwa mahali pa sufuria, itabembea kwa muda mrefu zaidi. Sababu ni kwamba sumaku ipitayo huzalisha mikondo ya umeme ndani ya alumini, na mikondo hiyo huzaa usumaku unaopinga badiliko lililoizalisha. Msingi wa jambo hili aliugundua Faraday mwaka 1831.

Hapo ndipo tuwapeleke mbali. Chombo Galileo, kilichoizunguka sayari ya Mshtarii tangu 1995 hadi 2003, kilipita mara kadhaa karibu na mwezi wake uitwao Europa. Mhimili wa usumaku wa Mshtarii umeinama nyuzi 10 hivi, kwa hiyo usumaku unaoifikia Europa hugeuka na kurudi katika mzunguko wa saa 11 hivi. Vipimo vilionyesha kuwa Europa huujibu kama sufuria yetu. Barafu haipitishi umeme kiasi hicho. Ndipo wataalamu wakahitimisha kwamba chini yake yaelekea kuna bahari ya chumvi. Neno "chumvi" lisipitwe: maji ya ziwa letu ni baridi, nayo hupitisha umeme kidogo sana kuliko ya Bahari ya Hindi.

Tutaambiwa kwamba muhtasari ni mrefu na vipindi ni vichache. Ni kweli. Lakini kipindi kilichookolewa kwa kukaririsha hulipwa baadaye kwa kurudia somo lile lile.

Mwisho, mwanafunzi aulizwe mfano unakomea wapi. Sufuria haina chumvi, wala Europa haizuii Mshtarii kuzunguka. Asiyeweza kutaja mpaka wa mfano bado hajauelewa, hata kama kanuni ameiandika bila kosa.