Meza ya Poka Iingie Ndani, Ila kwa Masharti ya Mama

SEHEMU YA 1

Wamama wenzangu wa Dallas, Houston na popote mlipo, nimetoka zamu ya usiku, nimelala masaa manne, nimeamka na hasira yangu ileile ya jana. Kwa hiyo leo nitaandika mpaka iishe.

Wiki hii kwenye makundi yetu swali ni moja tu: mume anataka kununua meza ya kuchezea poka aiweke nyumbani, nifanyeje? Majibu nimeyasoma yote. "Mwambie achague, meza au ndoa." "Kamari ikiingia ndani baraka zinatoka." Mwingine eti ichomwe moto. Mimi nasema iingie. Iwe ya bei ndogo, iboreshwe kwa akili, na ikae kwa masharti yetu. Najua nitasemwa. Semeni, ila mmalize kusoma kwanza.

Hivi mnadhani mwanaume anayetaka meza ya poka anaanza kucheza siku meza ikifika? Dada yangu, huyo anacheza tayari. Hapa Texas kuna vilabu vya karata ambako mtu analipia kiti kwa saa, akitaka anakaa hadi alfajiri. Wewe uko zamu, mtoto yuko kwa jirani, yeye "yuko kwa mshkaji". Ukiikataa meza hujaikataa poka. Umekataa kuiona.

Na hizi karata tusijifanye tumezikuta Marekani. Kopa, uru, pau, shupaza, hayo majina tumeachiwa na Wareno, na babu zetu wamecheza nayo barazani miaka na miaka bila mtu kuuza shamba. Ni kweli mchezo wenyewe wa Texas Hold'em ni wa huku. Bunge la jimbo mwaka 2007 liliutambua mji wa Robstown kuwa ndiko ulikozaliwa. Lakini karata ni karata. Kinachotuumiza ni hela kupotea na baba kupotea, na vyote viwili vinapotea vizuri zaidi gizani.

Sasa niongee kama nesi. Ugonjwa wa kamari upo, sio tabia mbaya tu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 uliuweka kundi moja na uraibu wa pombe na dawa. Dalili zake ni tisa, na mtu akiwa na nne ndani ya mwaka mmoja anahesabiwa mgonjwa. Ziko kama hizi: anahitaji dau kubwa zaidi kila mara ili asikie raha, anarudi kesho kufukuzia hela aliyoliwa jana, anadanganya kuhusu kiasi, akijaribu kupunguza anakuwa mkali, anategemea watu wamkopeshe atoke kwenye shimo. Soma tena orodha hiyo. Umeona neno meza? Halipo. Wapo wagonjwa wa kamari ambao hawajawahi kuwa na meza, wana simu tu.

Kama mume wako ana hizo dalili, hapo sawa, meza isiingie, na wewe na mimi tuna mazungumzo mengine. Nitayagusa mwisho. Nawaongelea wale wengine, walio wengi, wanaotaka kukaa na wenzao Ijumaa wakacheka.

SEHEMU YA 2

Haya, kununua. Hapa ndipo wanaume zetu wanapolizwa, na sisi tunawaacha walizwe kwa sababu tumenuna.

Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker (ndiyo, ni jina lake la kweli), aliingia kwenye mashindano makubwa ya poka ya Las Vegas kupitia mchujo wa bei ndogo mtandaoni, akatoka na dola 2,500,000. Toka hapo kila mtu mwenye sebule akajiona bingwa, na wauza meza wakapata biashara. Ndo maana leo utaona meza ya mbao nzito, miguu ya kuchongwa, bei yake inapita dola elfu na kitu. Mume anakwambia "ni uwekezaji". Mama, meza sio shamba. Siku ukihama utamlipa mtu aje kuibeba.

Wenye familia changa wanahitaji kitu kimoja kati ya viwili. Cha kwanza ni ubao wa juu unaokunjwa, wa pembe nane, upana kama sentimita 122, unaotandazwa juu ya meza mliyonayo. Wanasema wa watu wanane. Ukweli ni wa watu sita wanaopendana. Cha pili ni meza ya miguu ya kukunja, iliyotumika, ya kununua kwa mtu anayehama. Watu huku wanazinunua kwa mbwembwe, wanacheza mara tatu, halafu inakaa gereji miaka mitano. Ikiwa ya zamani na safi, sioni kwa nini ulipe zaidi ya dola mia.

Nimesema safi. Nenda na tochi, usimwachie yeye. Pindua meza, fungua mshono wa ule ukingo laini wa kuegemea mikono, mulika. Ukiona vidoadoa vyeusi kama ncha ya kalamu, au maganda ya kahawia, hao ni kunguni, ondoka hata kama inatolewa bure. Ukingo wa sponji ni hoteli ya kunguni. Nusa kitambaa: kama kinanuka ukungu kwa kulala gereji yenye unyevu, kitambaa na sponji vyote vya kutupa, na bei ishuke. Kama kinanuka sigara, hivyohivyo. Mtoto mwenye pumu hahitaji sigara za mtu asiyemjua.

Halafu miguu. Ikunjue, uisikie ikifunga, uisukume kwa nyonga. Meza inayoyumba itamwangukia mtoto anayejifunza kusimama, maana mtoto wa miezi kumi hajui meza, anajua kitu cha kushika. Na vidole kwenye bawaba za kukunja jamani. Atakayekunja na kukunjua awe mtu mzima mmoja, watoto wakiwa chumba kingine.

SEHEMU YA 3

Kuboresha. Hapa nitachukua muda, kwa sababu vitu wanavyouziwa wanaume kwa jina la kuboresha vingi ni upuuzi, na kimoja kinaua.

Kinachofaa ni kazi ya fundi sofa tu. Toa kitambaa cha zamani, toa sponji, ubao ukiwa mzima usiuguse. Weka sponji mpya nyembamba na ngumu kidogo, sio ya godoro. Ikiwa nene, karata zinazama na huwezi kuzichukua. Juu vuta kitambaa kisichonywa maji, kile kinachoteleza karata, ukigeuze chini na kukipiga stepla kuanzia katikati ya kila upande kwenda pembeni. Ukingo uvike ngozi ya bandia, sio kitambaa, kwa sababu ngozi ya bandia unaifuta kwa sabuni na maji soda ikimwagika, maziwa yakimwagika, na mtoto akicheua. Nyumba yenye mtoto, kila kitu kifutike. Kazi hiyo mnaimaliza Jumamosi moja. Baba akiifanya na mtoto wake wa miaka tisa akimshikia kitambaa, si ndo malezi hayo?

Gundi ipakwe nje, kivulini, hewa inapita, na ibaki nje mpaka harufu iishe. Mjamzito asikae karibu, mtoto mchanga pia. Usiniambie umefungua mlango wa gereji nusu. Na sponji ikishika moto inawaka haraka na moshi wake ni sumu, kwa hiyo shisha yenye makaa mezani hapana. Makaa hayohayo yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Sigara nje kabisa. Moshi unampa mtoto vifua, masikio, pumu, na unaongeza hatari ya kichanga kufa usingizini.

Sasa kile kinachoua. Wanauza mikanda ya taa za rangi za kubandika chini ya ukingo, na rimoti ndogo bapa kama kadi ya benki. Ndani ya rimoti nyingi za namna hiyo kuna betri ya duara, bapa, ya kung'aa kama sarafu. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, haisubiri. Ikigusana na mate inatengeneza kemikali inayochoma nyama, na ndani ya saa mbili inaweza kuwa imeunguza umio vibaya. Hapa hapa Texas mtoto wa miezi 18 anayeitwa Reese alimeza ya rimoti, akafariki Desemba 2020. Mama yake alipigana mpaka Marekani ikapitisha sheria mwaka 2022, yenye jina la mwanawe, kwamba vifaa vyenye betri hizo viwe na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua. Rimoti ya bei chee iliyonunuliwa kabla ya hapo, au iliyoingia kwa mlango wa nyuma, haijui sheria hiyo. Kwa hiyo taa za rangi hapana. Hapa sina mjadala. Taa ya dari inatosha kuona kopa na shupaza.

Ukihisi amemeza betri: usimtapishe, usimpe chakula, nenda hospitali ya dharura sasa hivi, ukiwa njiani piga Poison Control 1-800-222-1222. Mtoto aliyetimiza mwaka na anayeweza kumeza mpe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika kumi, lakini asali isikucheleweshe kuondoka. Chini ya mwaka asali hapana kabisa.

Chipu nazo. Ya kawaida ina upana wa milimita 39, kwa hiyo watu wanasema ni kubwa, haimezeki. Basi chukua chipu uiingize kwenye kigae cha katoni cha karatasi ya choo. Inapita? Haikai mkononi mwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Zile ndogo na dadu ni mbaya zaidi. Zihesabiwe kabla mgeni wa mwisho hajaondoka, kama sisi tunavyohesabu pamba kwenye upasuaji. Ikipungua moja, wanaume wapige magoti waitafute.

SEHEMU YA 4

Hela. Najua mlikuwa mnasubiri hapa.

Sentensi ninayoichukia kuliko zote kwenye jambo hili ni hii: "Meza itajilipa yenyewe." Maana yake mume amepanga kukata kidogo kwenye kila mzunguko, au kuwatoza wenzake kiti, au kuwauzia bia kwa faida. Dada, hapo simama mlangoni. Sheria ya Texas inamlinda mtu anayecheza mahali pa faragha kama hakuna anayepata faida nyingine zaidi ya ushindi wake mwenyewe, na bahati ni sawa kwa wote. Siku mwenye nyumba anapokata cha juu, ulinzi umeondoka, na kuendesha nyumba ya kamari ni kosa linaloweza kumfunga mtu hadi mwaka mmoja na faini hadi dola 4,000.

Na sisi tuna jambo la ziada ambalo majirani zetu wazawa hawana. Sheria ya uhamiaji inasema anayeomba uraia, akiwa na hatia mbili au zaidi za kamari ndani ya kipindi kinachoangaliwa, au kipato chake kikuu kikiwa kamari haramu, hahesabiwi kuwa mtu wa tabia njema. Yaani umefuta vyoo vya watu, umesoma uuguzi usiku, umesubiri miaka, halafu karatasi za baba watoto zinakwama kwa sababu ya dola mbili za kila mzunguko gerejini! Mwonyesheni mistari hii. Mimi sio mwanasheria, mkitaka zaidi muulizeni wakili, ila hilo limeandikwa.

Kwa hiyo masharti. Bora chipu zisiwe na hela kabisa, mshindi apikiwe pilau. Mkishindwa, kila mtu atoe kiasi kimoja kidogo mwanzoni, tuseme dola kumi, chote kirudi kwa washindi, na aliyeishiwa chipu akaoshe vyombo, haruhusiwi kununua tena. Hiyo "nunua tena" ndiyo inayokula kodi ya nyumba. Saa ya kumaliza ijulikane. Anayekuja na bastola kiunoni aiache kwake. Na kiti kimoja ni chako, usiku ambao huna zamu. Mnanicheka? Wanawake wangapi hapa wanamshinda mume kwa karata za kwao, halafu mezani wanapewa kazi ya kupeleka sambusa?

Aliyeniuliza jana usiku: "Na akikataa masharti?" Basi umeshapata jibu lako, na halikuwa kuhusu meza. Mtu anayetaka kukaa na wenzake hapigani kwa ajili ya kununua tena. Usilipe deni lake kimyakimya, tenga akaunti ya kodi na ya ada, na wewe tafuta mkutano wa Gam-Anon, hao ni wa familia za wacheza kamari, haihitaji yeye akubali ndipo uende.

Na wewe wa nyumba ya chumba kimoja uliyeuliza itakaa wapi: chukua ule ubao wa kukunja, usukume chini ya kitanda chenu. Chipu kwenye sanduku la kufuli, juu ya kabati, ufunguo kwako.