Ushindi Usiuzwe Dukani

Tunduma ni mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, mkoa ulioundwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Kwa msomaji wetu wa Unguja au Pemba huko ni mbali sana. Hana budi kuvuka bahari hadi Dar es Salaam, kisha ashike barabara kuu ya kusini au reli ya TAZARA mpaka nchi yetu inapopakana na Zambia. Hata hivyo, siku hizi kijana wa Tunduma na kijana wa Wete hukutana bila ya nauli. Hukutana katika michezo ya mtandaoni inayochezwa kwa simu, ambamo watu wawili, au makumi ya watu, hushindana kwa wakati mmoja pasi na kuonana nyuso. Mpira wa eFootball na mapigano ya Free Fire ni mazungumzo ya vijiweni, Bara na Visiwani.

Hatuandiki leo kuilaani michezo hiyo. Vijana wa kila zama wana michezo yao, na mzee anayekataza kila jambo jipya hupoteza haki ya kusikilizwa siku atakapokuwa na neno la maana. Tunaandika kwa sababu ya swali moja ambalo vijana wenyewe wanaulizana, na ambalo wakubwa hawajalipa uzito unaostahili. Swali lenyewe ni hili: je, ni haki mtu amshinde mwenziwe kwa kuwa amelipa?

Kwanza yafaa tufahamu jinsi biashara hii inavyokwenda. Michezo mingi ya namna hii hutolewa bure. Kampuni hupata fedha zake kwa kuuza vitu ndani ya mchezo, na vitu hivyo ni vya namna mbili. Namna ya kwanza ni mapambo: nguo, rangi na madoido ya mchezaji. Huko ndiko mchezo wa Fortnite ulikopata sehemu kubwa ya mapato yake. Aliyenunua hupendeza, lakini risasi yake haiumizi kuliko ya mwenziwe. Kwa hayo hatuna ugomvi.

Namna ya pili ni nguvu yenyewe. Katika Free Fire, sura mpya ya bunduki haiishii kwenye urembo, kwani huweza kuongeza ukali wa risasi, umbali inaofika, au kasi ya kujaza risasi nyingine. Katika eFootball, wachezaji walio bora kabisa hupatikana kwa kubahatisha. Mtu hutoa sarafu za mchezo, akangoja kuona ametokewa na nani. Sarafu chache hupatikana bure kwa subira, lakini nyingi hununuliwa kwa fedha. Asiye na fedha hujaribu bahati yake mara moja moja, na mwenye fedha huijaribu usiku kucha.

Wazee wetu wa barazani wanaijua haki ya mchezo kwa kuiona kila alasiri. Bao lina kete 64, na kila mchezaji ana kete 32. Tajiri akikaa kucheza na mvuvi, hana ruhusa ya kuchomoa noti na kununua kete ya 33. Akifungwa, amefungwa na akili ya mwenziwe, na akifunga, sifa ni yake kwelikweli. Ndiyo maana bao limedumu, na ndiyo maana mabingwa wake huheshimiwa hata kama hawana kitu. Kete ya 33 ikianza kuuzwa, wenye fedha watalipenda bao kwa muda mfupi, kisha baraza itabaki tupu.

Wapo watakaotujibu kwamba hata katika mpira wa kweli fedha hutawala. Simba na Yanga husajili wachezaji ambao timu ndogo za mikoani haziwezi kuwalipa, na hakuna anayeziita timu hizo za walaghai. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatutaki kuikwepa. Lakini tofauti zipo tatu. Usajili wa timu hufanywa hadharani, na kila mshabiki anajua nani amenunuliwa. Timu hainunui mchezaji ndani ya kasha lililofungwa, bali humjua kwa jina na kwa kazi yake. Tena anayelipa ni mtu mzima aliyeweka saini. Katika mchezo wa simu, mara nyingi sharti hizo tatu hazipo. Aliyefungwa hajui kama amezidiwa ustadi au mfuko. Aliyelipa hajui atapata nini. Na huenda aliyelipa ni mtoto wa miaka 12.

Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa la mchezo tu. Tunduma ni mji wa malori, wa mizigo na wa fedha zinazopita mikononi kwa haraka. Wapo vijana wanaoishi kwa kibarua cha kupakia na kupakua. Kijana wa namna hiyo akishindwa kila jioni na mtu aliyenunua nguvu, ana njia mbili tu: kuuacha mchezo anaoupenda, au kutoa ujira wa siku ili awe sawa na wenziwe. Na akishatoa, usawa huo haudumu, kwa kuwa baada ya muda kampuni huleta silaha nyingine au mchezaji mwingine aliye bora zaidi, na cha jana kikaonekana si kitu. Huko si kujiburudisha tena, ni kulipa kodi isiyo na mwisho.

Kuhusu watoto, hali ni ngumu zaidi. Laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole na kwa kitambulisho cha mtu mzima. Mtoto anapoishika simu ya mama yake, kumbukumbu za malipo humwonyesha mama. Muuzaji aliye ng'ambo ataapa kwamba amemuuzia mtu mzima, na makaratasi yatamuunga mkono.

Mataifa mengine yameliona tatizo hili kabla yetu. Novemba mwaka 2017 kampuni ya Electronic Arts ilikaribia kutoa mchezo wa Star Wars Battlefront II, ambao masanduku yake ya bahati yalikuwa na vitu vya kuongeza nguvu. Wachezaji walipiga kelele duniani kote, na kampuni ikayasimamisha manunuzi hayo kabla tu ya mchezo kutoka rasmi. Yaliporejeshwa mwaka 2018, yalirejeshwa kwa mapambo tu. Mwaka huohuo wa 2018, Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati yanayolipiwa katika baadhi ya michezo ni kamari chini ya sheria zake.

Mfano wa Korea ya Kusini unapaswa kutufumbua macho zaidi. Januari mwaka 2024, tume ya ushindani ya nchi hiyo iliitoza kampuni ya Nexon faini ya zaidi ya won bilioni 11. Kosa lake ni kwamba katika mchezo wa MapleStory ilipunguza kwa siri uwezekano wa kupata vitu vyenye nguvu, pengine hadi sifuri, huku ikiendelea kupokea fedha za wanaobahatisha. Watu walikuwa wakinunua tumaini la kitu ambacho kisingeweza kutoka. Kama hayo yalitendeka mbele ya wachezaji wanaoelewa lugha ya muuzaji na walio karibu na mahakama zake, kijana wa Tunduma au wa Makunduchi atajilinda kwa lipi?

Kwa hiyo tunapenda kuwaeleza viongozi wetu kwamba hatuombi michezo hii ipigwe marufuku. Marufuku ingewaumiza wasio na hatia, na ingekwepwa kabla wino wake haujakauka. Tunaomba mambo manne.

La kwanza, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha itamke wazi msimamo wake. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamkataza aliye chini ya miaka 18 kushiriki kamari. Je, kulipa fedha ili kubahatisha mchezaji au silaha ni kamari au si kamari? Wazazi wana haki ya kupata jibu, liwe ndiyo au la.

La pili, vyombo vyetu vikae meza moja. Posta na simu ni jambo la Muungano, na Mamlaka ya Mawasiliano ina sauti pande zote mbili. Lakini ulinzi wa mlaji Bara uko chini ya Tume ya Ushindani, na Visiwani uko chini ya Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Mchezo wenyewe hauna habari na mgawanyo huo. Wakubwa wa vyombo hivyo wasipokubaliana, kila mmoja atadhani kazi ni ya mwenziwe.

La tatu, anayeuza kwa Watanzania aseme kwa Kiswahili na kwa shilingi: kitu hiki ni bei gani, kinaongeza nguvu kiasi gani, na katika watu 100 wanaobahatisha ni wangapi hukipata. Muuza samaki wa Darajani humwonyesha mteja samaki kabla ya kupokea fedha. Hatuoni sababu ya kampuni tajiri kudaiwa uwazi mdogo kuliko yeye.

La nne linawahusu wanaoandaa mashindano ya vijana mitaani, Tunduma, Vwawa, Mjini Unguja na Chake Chake. Hao hawahitaji kusubiri sheria. Pale mchezo unaporuhusu, waagize kwamba washindani wote watumie timu au silaha zenye nguvu sawa, na kanuni hiyo isomwe kabla ya pambano la kwanza. Zawadi ikitolewa kwa ustadi, kijana maskini atajua kwamba mazoezi yake hayakupotea bure.

Na wazazi nao wana sehemu yao. Nambari ya siri ya akaunti ya fedha haifai kuwa mali ya nyumba nzima. Lakini tusiwabebeshe wazazi peke yao mzigo uliotengenezwa na wafanyabiashara waliobobea.

Mchezo ni shule. Humo mtoto hujifunza kushinda bila ya kiburi na kushindwa bila ya kinyongo. Akijifunza humo kwamba ushindi una bei, na kwamba asiye na bei hiyo hana haki ya kushinda, atalichukua somo hilo hadi darasani, kazini na ofisini. Tumehangaika miaka mingi kupiga vita rushwa katika ofisi hizo. Haitatufaa kitu tukiacha vijana wetu wafundishwe kila jioni, kwa kidole kwenye kioo cha simu, kwamba kete ya 33 inauzwa.