Ukubwa wa Kiwanda Sio Hatia

Nimeisoma kwa taamuli makala ya muungwana aliyedai kwamba maji ya Arusha yangetakata lau viwanda vikubwa vingevunjwa vikawa karakana ndogo ndogo, nami sina budi kumpinga. Kiwanda cha matairi cha General Tyre, kilichokuwa Arusha, kilifungwa mwaka 2009, wala Mto Themi, ushukao kutoka Mlima Meru na kulikatiza jiji, haukutakata kwa sababu hiyo. Kiwanda cha nguo, hata kikiwa kikubwa namna gani, aghalabu hutoa maji yake ya rangi kwa bomba moja, ambalo mkaguzi aweza kulisimamia, akachota, akapima, na kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 akamdai mwenyewe haki ya umma. Ama gereji mia, kila moja ikimimina oili chafu mferejini magharibi ikiingia, nani atazikagua zote? Kinachodhuru hasa ni aina ya kazi: kutia rangi na kusindika ngozi hutumia maji mengi na dawa kali, ilhali kushona huacha vipande vya vitambaa tu. Kwa hiyo nadai kazi hizo kali zikusanywe mahali pamoja, chini ya mtambo mmoja wa kusafisha majitaka, mbali na bustani za mchicha zinyweshwazo na Themi.