Walimu tuwape watoto muda wa kujibu

Nataka kutoa maoni yangu kuhusu tabia yetu walimu ya kuwaharakisha watoto darasani.

Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, Uholanzi, pamoja na wenzao, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mazungumzo katika lugha 10, mojawapo ikiwa ya Namibia. Waliona kwamba mtu akiulizwa swali huanza kujibu, kwa wastani, baada ya sehemu ya tano tu ya sekunde. Lakini kutayarisha neno moja kichwani huchukua zaidi ya nusu sekunde. Maana yake ni kwamba ubongo huanza kutunga jibu wakati swali bado linasemwa.

Sasa, Ndugu Mhariri, watoto wengi wa darasa la kwanza hapa Rugu wamelelewa kwa Kinyambo. Nikimwuliza mtoto wa namna hiyo kwa Kiswahili, ni vigumu kwake kubashiri mwisho wa swali kabla sijalimaliza. Hungoja, hufasiri, ndipo atafute neno. Kwa miaka kadhaa kimya hicho nilikiita ujinga, nikamrukia mwenzake aliyenyoosha kidole. Siku moja niliuliza swali, nikainama kutafuta chaki. Mtoto niliyezoea kumwita mzito akajibu sawasawa. Niliona haya.

Mtaalamu wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha tangu mwaka 1974 kwamba walimu wengi hungoja kama sekunde moja tu. Wakingoja sekunde tatu, majibu huwa marefu na watoto wengi zaidi hujibu. Sekunde tatu hazihitaji fedha za kigeni.

Kinyambo si kigeni kwa wasomi. Mwaka 1993 Josephat Rugemalira aliandika tasnifu ya udaktari juu ya vitenzi vyake katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Naviomba vyuo vikuu vyetu viwalete vijijini wanaosomea udaktari, wapime jinsi watoto wa lugha mbili wanavyosikia na kujibu. Vyuo vya ualimu navyo vitilie mkazo jambo hili. Mimi nilihitimu bila kulisikia.

Walimu wenzangu, tuhesabu hadi tatu kabla ya kumwambia mtoto aketi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Rugu, Karagwe.