Tusisingizie Lugha Mtoto Asiposema

Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji mnamo Desemba 2021, ni makutano ya lugha. Katika ploti moja ya nyumba za kupanga kule Kaptembwo au Rhonda, mtoto aweza kusikia Kikuyu mlango wa kwanza, Kikalenjin mlango wa pili, Kiluhya, Kijaluo na Kikisii katika milango inayofuata, Kiswahili uani, Sheng barabarani na Kiingereza katika televisheni. Waama, huu ni utajiri ambao watu wa mataifa mengine huutafuta kwa karo kubwa. La kusikitisha ni kwamba utajiri huo umefanywa kisingizio, na kisingizio chenyewe kinawanyima watoto wenye usonji miaka ile ambayo wangeweza kusaidiwa zaidi.

Mambo aghalabu huenda hivi. Mtoto wa kiume amefika miaka miwili na nusu na hana neno. Aitwapo jina haitiki, ilhali mlio wa pikipiki ya mbali humshtua. Hupanga vifuniko vya chupa mstari mmoja kutwa nzima, na mstari huo ukivurugwa hulia kama aliyefiwa. Mama huingiwa na wasiwasi. Nyanya wa mtoto humtuliza kwa kumweleza kwamba baba yake naye alichelewa kusema. Jirani hutoa hukumu: "Mnamchanganya kwa lugha tatu, atasema vipi?" Wasiwasi huo ukifikishwa kliniki, mama huenda akaambiwa asubiri. Basi familia husubiri hadi mtoto atimize miaka minne au mitano, apelekwe chekechea, na mwalimu awe ndiye wa kwanza kutamka kwamba hapa pana jambo.

Hali hii imejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, walioishi kana kwamba watu waliowazunguka hawapo. Wanane kati yao walikuja kusema, watatu hawakusema. Baadaye walitokea wataalamu, mashuhuri kati yao akiwa Bruno Bettelheim, waliowalaumu wazazi, hasa akina mama, eti kwa ubaridi wa mapenzi yao. Nadharia hiyo ilikwisha kutupwa. Leo tunajua kwamba usonji ni namna tofauti ya ukuaji wa ubongo, kwamba huanza mapema mno, na kwamba nasaba huchangia sana. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 alikuwa nao.

Hata hivyo, maelezo ya mitaani hayajaisha. Utafiti uliofanywa katika pwani ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 uliwakuta wazazi wakitaja pepo, laana na uchawi, kando ya magonjwa na matatizo wakati wa kujifungua. Sisi wa Bonde la Ufa tusiwacheke. Tunayo imani yetu yenye sura ya kisomi, nayo ni hii ya kulaumu wingi wa lugha.

Isimu yasemaje? Mtoto anayelelewa katika lugha mbili au tatu huanza kutamka maneno yake ya kwanza karibu wakati ule ule na mwenziwe wa lugha moja. Ukihesabu maneno ya lugha moja tu waweza kumwona fukara. Ukijumlisha ya lugha zote, ufukara huo huyeyuka. Isitoshe, wingi wa lugha hauwezi kumzuia mtoto kumwonyesha mama yake ndege kwa kidole, kugeuka aitwapo, kupunga mkono wa kwaheri, au kujifanya anapika ugali wa mchanga. Kidole hakina kabila. Kwa hiyo mtoto ambaye hajatumia ishara yoyote akitimiza mwaka mmoja, ambaye hana neno akifika miezi 16, ambaye hajaunganisha maneno mawili ya kwake mwenyewe akifika miaka miwili, au ambaye alikuwa na maneno kisha yakapotea, apaswa kuchunguzwa bila kukawia, nyumbani kwao pazungumzwe lugha moja au tano.

Ni kweli wapo watoto wanaochelewa kusema na hatimaye kuwafikia wenzao. Mtoto wa namna hiyo akichunguzwa hapotezi kitu. Mwenye usonji asipochunguzwa hupoteza mengi, na yaliyopotea ni ghali kuyarudisha. Wahenga walinena kwamba udongo uwahi ungali maji.

Kosa la pili huja baada ya usonji kutambuliwa. Hapo wazazi wengi hushauriwa kuacha lugha ya nyumbani na kumsemesha mtoto lugha moja tu, ambayo karibu kila mara huwa Kiingereza. Ushauri huu una nia njema lakini haukujengwa juu ya ushahidi. Tafiti zilizofanywa nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2012 ziliwalinganisha watoto wenye usonji wa nyumba za lugha moja na wale wa nyumba za lugha mbili, na hazikuona kwamba lugha ya pili iliwachelewesha zaidi. Ama hasara ya kutii ushauri huo ni dhahiri. Mama asiyekimudu vyema Kiingereza humsemesha mwanawe kwa amri fupi fupi, bila hadithi wala utani. Nyanya wa Molo au Olenguruone, ambaye ndiye mlezi wakati wazazi wako kazini, huambiwa anyamaze kwa lugha yake. Mtoto ambaye shida yake kubwa ni kuhusiana na watu hupunguziwa watu wa kuhusiana naye.

Upo pia upungufu katika vipimo vyenyewe. Vingi vilitungwa ng'ambo, kwa ajili ya watoto wa ng'ambo. Kanner alitambua kwamba baadhi ya watoto wake walibadilisha viwakilishi, wakajiita "wewe" badala ya "mimi". Katika Kiingereza viwakilishi hivyo ni maneno kamili yanayosikika waziwazi. Katika Kiswahili nafsi hujificha ndani ya kitenzi, kwenye kiambishi. Mtoto mwenye kiu anayesema "Unataka maji" huenda anarudia kama mwangwi swali aliloulizwa na mama yake, naye mpimaji asiyeijua lugha hiyo barabara aweza kudhani kwamba mtoto anamwuliza mtu swali. Kadhalika kutazamana machoni: katika jamii zetu nyingi mtoto aliyefunzwa adabu huinamisha macho mbele ya mkubwa. Mpimaji sharti ajue kutofautisha heshima ya mtoto wa miaka sita na mtoto mchanga asiyemtafuta mama yake kwa macho. Maarifa hayo hayapatikani pasipo kuijua lugha na desturi ya nyumbani.

Hata mzazi aliyeshinda visingizio vyote hivyo, bado safari iko mbele yake. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno nchini, na wengi wao wako Nairobi, takriban kilomita 160 kutoka Nakuru; Eldoret nako si karibu. Kwa mkulima wa Kuresoi au mfanyakazi wa mashamba ya maua ya Naivasha, kila miadi ni nauli ya watu wawili na ujira wa siku uliopotea. Viziwi wa Nakuru wana shule yao ya Ngala, yenye walimu wanaoijua lugha ya ishara. Mtoto mwenye usonji hana mlango unaojulikana hivyo. Vituo vya tathmini ya elimu, ambavyo walimu huviita EARC, vilianzishwa mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, ikafuata mwaka 1986. Lakini kitengo kinachojulikana sana cha watoto wenye usonji katika shule ya umma, kile cha City Primary jijini Nairobi, kilianza mwaka 2003, nacho kilisukumwa na wazazi wenyewe.

Sheria hazikosekani. Katiba ya 2010, katika vifungu vya 53 na 54, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, na yampa mwenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003. Lakini asiyehesabiwa hapangiwi. Sensa ya 2019 ilitupa takriban watu 900,000 wenye ulemavu, kwa kuuliza juu ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujitunza na kuwasiliana. Usonji haukuulizwa kwa jina lake, na hesabu hiyo ni ya walio na umri wa miaka mitano na zaidi. Maana yake ni kwamba umri ule hasa ambao msaada una faida kubwa zaidi haumo katika daftari.

Yapo mambo yanayowezekana bila kungoja hospitali mpya. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kina ukurasa wa hatua za ukuaji. Wauguzi wauulizie kama wanavyouliza juu ya chanjo. Wahamasishaji wa afya ya jamii, waliotumwa vijijini kwa maelfu kuanzia mwaka 2023, wafunzwe dalili nilizozitaja. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo ya walezi ya vikao 9 na ziara 3 za nyumbani, ambayo yaweza kuongozwa na mtu asiye daktari, kwa lugha ya walezi wenyewe. Watafiti wamekuwa wakiyajaribu Kenya na Ethiopia. Serikali ya kaunti yaweza kuwaajiri wataalamu wa usemi na kuwapangia siku za kuzuru Molo, Naivasha na Gilgil. Sisi wa vyuo vikuu nasi tuna deni: tumeandika tasnifu nyingi juu ya sarufi za lugha zetu, na chache mno juu ya namna mtoto wa Kikuyu au wa Kikalenjin anavyojifunza kusema. Bila elimu hiyo, mpimaji hana kipimo.

Wapo watakaosema kwamba jina "usonji" litamnyanyapaa mtoto, kwamba shule zitamkataa. Hofu hiyo si ya bure. Lakini asiye na jina hilo hupewa mengine: bubu, mtundu, mwenye pepo. Afadhali jina linalofungua faili na kuelekeza msaada kuliko yale yanayofunga mlango.

Mwalimu wa chekechea, na wewe mwanafunzi wa ualimu utakayepangiwa shule kesho, huenda mkawa wa kwanza kumtazama mtoto huyu kwa makini. Msimwambie mama yake asubiri, wala msimwambie aache lugha yake. Andikeni mliyoyaona, mwelekezeni kwenye kituo cha tathmini, kisha mfuatilie kama alifika. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.