Msiyatupe Majalada ya Kale

Ipo hiana inayofanywa kwa nia njema, nayo ni hii ya kuvivua vyuo vya kale majalada yake na kuyatia motoni. Kutoka Bagamoyo kwenda Saadani hadi Pangani zimo nyumba zenye misahafu na vyuo vya Maulidi vilivyosomwa hata vikachakaa. Huja mfadhili akataka kuvitengeneza. Kurasa zikashonwa upya, zikavikwa jalada lenye kumeta, na lile kuukuu likaenda na takataka. Akija mwenye kamera, naye hupiga kurasa tu.

Ubao wa jalada katika vitabu vya Waislamu aghalabu haukuwa mti. Mafundi waligandisha karatasi juu ya karatasi hata zikawa ngumu, kisha wakazivika ngozi; na karatasi zenyewe mara nyingi zilikuwa zimekwisha andikwa. Karatasi katika pwani yetu ilikuwa bidhaa ya merikebuni. Katika karne ya 19 nyingi zilitoka Italia, zikionyesha miezi mitatu ukiziinua mwangani. Nani angekitupa kitu cha thamani hiyo kwa kuwa kimeandikwa mara moja? Barua, hesabu za duka, ukurasa uliokosewa, beti za utenzi: vyote vyaweza kuwamo.

Bagamoyo iliijua misa ya Kilatini tangu mapadre wa Roho Mtakatifu walipojenga huko mwaka 1868. Ulaya yenyewe ilikuwa imekwisha kuvikata vitabu vyake vya misa. Uswidi ilipoachana na Roma katika karne ya 16, makarani wa mfalme walichukua kurasa za ngozi za vitabu hivyo wakazifungia madaftari ya kodi. Leo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa, Stockholm, kuna vipande zaidi ya 20,000, na kwa hivyo wataalamu wamevijua vitabu visivyokuwapo tena. Ni ubahili wa serikali uliovihifadhi!

Kwa mshairi hili si jambo la makumbusho. Hati ya Kiarabu, kama walivyoitumia wazee wetu, mara nyingi haikutenga b, p na mb. Mfasiri hukaa siku tatu juu ya neno moja, asijue kama ni bata, pata au mbata. Kipande cha nakala nyingine, kilichoandikwa kwa mkono mwingine, chaweza kumwokoa.

Nitaambiwa kwamba karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu haiachwi kuzagaa; huzikwa, huchomwa, au hutoswa baharini. Adabu hiyo naiheshimu. Lakini mwaka 1972, Msikiti Mkuu wa Sana'a, Yemen, ulipokuwa ukitengenezwa, mafundi walikuta baina ya dari na paa maelfu ya vipande vya misahafu, baadhi yake ya karne za mwanzo za Uislamu. Waliovipandisha huko hawakukosa adabu, wala hawakuwasha moto.

Na wale wanaolia kila siku kwamba Wazungu walituchukulia miswada, wanyamaze kidogo. Majalada haya hatukunyang'anywa, tunayatupa wenyewe.

Fundi asiubandue ubao kwa maji wala kwa kisu. Hiyo ni kazi ya wenye zana na ujuzi wake. Alivue jalada zima, alitie katika bahasha, aandike juu yake jina la kitabu, la mwenyewe, la mji, na tarehe. Bahasha irudi kwa mwenye kitabu pamoja na kitabu chake. Na mfadhili anayelipia ngozi mpya alipie na bahasha.